Siku tano Morogoro, nikifundishwa kunyamaza

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikiitaja kozi hii ya walezi wa vikundi vya wasichana hapa dukani. Shilingi 150,000 kwa siku tano, ndani yake malazi, chai ya saa nne, chakula cha mchana na cha usiku. Nauli ni yako. Posho hakuna. Hilo la posho naliandika mapema kwa sababu siku ya pili watu wawili walimfuata mratibu nje wakaulizia bahasha, wakajibiwa, na jioni hawakuonekana mezani.

Mimi ni fundi cherehani, Muheza. Nina wasichana 23 wa miaka 10 hadi 15 ninaokutana nao kila Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani. Mvua ikinyesha tunafunguliwa darasa la sita. Mwalimu aliyekianzisha kikundi alikuwa Girl Guide, yaani skauti wa kike, ujanani mwake, basi skafu za bluu na kiapo vimebaki, ingawa kikundi chenyewe hakijasajiliwa popote. Alipohamishwa aliniachia sanduku la bati lenye skafu, kamba mbili na daftari la mahudhurio, akasema, "Dada, nishikie hawa mpaka apatikane mwingine." Huu ni mwaka wa tatu. Niliachiwa wasichana kama mtu anavyoachiwa kuku na jirani anayesafiri.

Kwa hiyo sikwenda Morogoro nikiwa na wito wowote. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Nyimbo zimekwisha, mafundo ya kamba yamekwisha, wale wakubwa wameanza kuja Jumamosi moja na kuruka mbili. Nilipomuaga mama mkwe kwamba nakwenda kusomea mambo ya Girl Guides, alisikia alivyosikia: "Mkwe wangu, unakwenda kusomea ugaidi?" Mpaka leo akiniona na skafu ananiita gaidi, na wajukuu zake wanaitikia.

Taasisi iliyotoa mafunzo si Girl Guides wenyewe. Imechukua mbinu zao ikaongeza zake. Jina siliandiki. Nina malalamiko mazito juu yao na pia nina deni kwao, na vyote viwili nataka kuvisema bila kuhofia kukutana na mratibu stendi ya Msamvu.

Hosteli iko upande wa mlimani. Asubuhi ukifungua dirisha, Uluguru imekukalia usoni na ukungu wake. Wawili chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini, maji ya kuoga ya baridi, na baridi ya Morogoro ya mwezi wa saba si ya kuchezea kwa mtu wa Muheza. Chai ya saa nne ilikuja saa tano kila siku isipokuwa Alhamisi. Chapati zilikuwa nzuri. Yaliyobaki ya chakula sina neno nayo.

Tulikuwa washiriki 31, tisa wanaume: walimu wengi, wauguzi wawili, mama wa kwaya kutoka Dodoma, ustadhi anayefundisha madrasa ya wasichana, na mimi. Wawezeshaji watatu. Mkuu wao ni mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, anayevaa raba nyeupe na kusema polepole kama anayehesabu chenji. Wa pili kijana wa slaidi. Wa tatu alihusika na karatasi na mahudhurio, sikuwahi kusikia sauti yake vizuri.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa historia, na nilikuwa nimejiandaa kusinzia. Lakini mama wa raba nyeupe hakuanza na mwanzilishi. Alianza na kundi la wasichana waliofika bila kualikwa. Mwaka 1909, kwenye mkutano wa skauti pale Crystal Palace, London, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuta miongoni mwa maelfu ya wavulana kuna wasichana waliojivika kofia na skafu, wamekuja nao kama skauti. Hakuna aliyewaita. Mwaka uliofuata, 1910, vikundi vyao vikapewa mpango wao na jina la Girl Guides, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akawekwa kuviongoza. Chama chao cha dunia kikaja kuundwa mwaka 1928. Akatueleza pia kwamba Baden-Powell alifia Kenya mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, na kwamba jiwe la kaburi limechorwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya njiani wanayoachiana skauti, maana yake nimekwenda nyumbani. Na kwamba vituo vya dunia vya Girl Guides ni vitano: Adelboden kule Uswisi, London, Cuernavaca huko Meksiko, Pune nchini India, na cha tano ni cha Afrika, hakina jengo, kinahama nchi hadi nchi, na kinaitwa Kusafiri. Hilo la mwisho lilinifurahisha bila sababu yoyote ya maana. Wengine wametoa majengo, sisi tumetoa neno.

Kisha akafunga daftari lake na kuuliza: "Kwenye kikundi chako, ni jambo gani wasichana wamelianzisha bila wewe?"

Watu 31 tukatazama meza. Mwalimu mmoja wa kiume kutoka Kilosa akasema wasichana wake walianzisha utoro. Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu jingine.

Kama angeendelea hivyo siku zote tano ningetoa nyota zote. Mchana akaingia kijana wa slaidi. Alituzungumzia saa mbili juu ya umuhimu wa kumwachia msichana nafasi ya kuzungumza, na katika saa hizo mbili hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza. Mtu akisinzia, tunasimamishwa sote tuimbe na kutikisa mabega. Mimi nina miaka 46 na goti bovu. Kichangamshi kimoja kwa siku kinatosha.

Yeye ndiye aliyetuletea kile kijitabu, kurasa 64 za fotokopi, chenye mfumo wa uongozi wa chama cha dunia cha Girl Guides. Mfumo wenyewe ni mzuri. Haukwambii kiongozi ni mtu wa cheo gani. Unataja mitazamo sita anayopaswa kuizoesha akili yake: kujitafakari, kushirikiana, kuielewa dunia inayomzunguka, kubuni na kuhoji, usawa wa jinsia, na kutenda kwa kuwajibika. Balaa lilikuwa kwenye tafsiri. Ule wa kuelewa mazingira na maisha ya wengine, wao waliandika "mtazamo wa kidunia". Mama wa kwaya akanyoosha mkono, akauliza kama tumetoka makwetu kuja kuwafundisha watoto mambo ya kidunia. Ustadhi akasema anamuunga mkono dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho wawili hao kukubaliana juu ya kitu, na ilitugharimu dakika arobaini. Hatimaye kila mtu akakata neno kwa kalamu, akaandika juu yake "kuijua dunia". Kurasa zimejaa mambo ya namna hiyo. Unasoma sentensi mara tatu kisha unagundua tatizo si wewe. Wakitaka ushauri wangu, wampe kijitabu mtu anayeuza nyanya aisome kwa sauti kabla ya kuipeleka kutoa nakala.

Jumanne ndiyo siku iliyonichoma.

Mama wa raba nyeupe alichora ngazi kwenye bango kitita, vipago vinane. Alisema ni ya Roger Hart, aliyeiandikia UNICEF mwaka 1992, na inapima ushiriki wa watoto katika jambo wanaloambiwa ni lao. Vipago vitatu vya chini si ushiriki hata kidogo. Cha kwanza watoto wanatumiwa. Cha pili wao ni pambo. Cha tatu ni geresha: mtoto kapewa kiti na kipaza sauti lakini alichosema hakibadili kitu. Kutoka cha nne ndipo ushiriki unaanza, kwanza mtoto kupewa kazi akijua sababu yake, kisha kuulizwa maoni yanayosikilizwa, na kuendelea hadi kule juu ambako watoto wanaanzisha jambo wenyewe na kuamua pamoja na watu wazima.

Kila mmoja akapewa kipande cha karatasi aandike shughuli ya mwisho ya kikundi chake aliyoionea fahari, kisha aende kukibandika kwenye kipago chake.

Yangu ilikuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, mwezi mmoja tu kabla. Wasichana wangu walighani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Nilishona vitenge sare 23 kwa usiku sita. Watu walipiga makofi, mgeni rasmi akatoa elfu hamsini, picha ninazo. Nikanyanyuka na karatasi yangu kwa kujiamini, nikabandika kipago cha saba.

"Ngonjera aliitunga nani?" akaniuliza.

Mimi.

"Kitenge alikichagua nani?"

Mimi.

"Ilihusu nini?"

Haki ya mtoto kusikilizwa.

Hakucheka, na hakusema kitu. Alisubiri tu. Watu wote wamenitazama. Nikaibandua karatasi, nikashuka nayo, saba, sita, tano, nne, tatu, nikaibandika cha pili. Pambo. Maji ya uso yaliniisha, na usiku ule nililala nikiwa nimemkasirikia kweli. Nilifikiria zile sindano tatu zilizovunjika kwenye kile kitenge. Lakini kabla ya alfajiri nilikuwa nimeshakumbuka jambo jingine: binti mmoja, mrefu kuliko wote, alikuwa ameniomba aseme ubeti wake mwenyewe, juu ya umbali wa kisima, nikamwambia ungeharibu vina.

Jumatano ilihusu patroli, na hapo mafunzo yalikuwa ya kazi hasa. Kundi lote linagawanywa vikosi vya wasichana sita hadi wanane, kila kikosi kinamchagua kiongozi wake chenyewe, na viongozi hao wanakutana kama baraza. Mtu mzima anakaa kwenye baraza, anasikiliza, hapigi kura. Mimi nilikuwa na umati wa 23 na mwenyekiti mmoja niliyemteua mwenyewe kwa sababu ana sauti na sare yake haina doa. Tulijadili pia neno "mlezi", ambalo kwetu lina mikosi yake: mlezi wa klabu mara nyingi ni mtu anayeitwa kwenye mahafali atoe pesa. Mjadala ulikuwa mtamu ila haukufika popote.

Sasa Alhamisi. Ukiniuliza nililipia nini, nililipia saa moja na nusu ya Alhamisi.

Mpaka siku hiyo hatukuwa tumeona msichana hata mmoja. Siku tatu nzima watu wazima tunajadili wasichana kama wavuvi wanaojadili samaki wakiwa Dodoma. Hiyo ni kasoro na niliwaandikia kwenye fomu ya tathmini. Alhamisi wakaletwa 12, wa miaka 13 hadi 15, kutoka jirani, na walimu wao wawili. Wakapewa turubai, nguzo nne, kamba, kuni, sufuria na majani ya chai. Kazi: wasimamishe kivuli na wachemshe chai, dakika arobaini. Sisi tukapewa kila mmoja punje kumi za maharage. Masharti: mikono nyuma, mdomo umefungwa. Ukisema neno au ukinyoosha mkono, unatia punje kwenye kopo. Zikiisha, unatoka unakwenda kukaa kwenye benchi la mbali.

Sikuona ugumu wake. Punje ya kwanza ilinitoka hawajamaliza kukunjua turubai, nikisema "huko ni nyuma". Ya pili na ya tatu nilizitia pamoja, kwa kuwa niliongea huku nimeshika nguzo. Binti mmoja alikuwa anafunga kamba kwa fundo la ajabu, si lolote katika yale ninayoyajua, na mkono wangu ukatangulia kabla sijaamua. Muuguzi aliyekuwa kando yangu alikuwa ameuma mtandio. Mwalimu wa Kilosa alikuwa amefumba macho kabisa. Punje yangu ya kumi iliingia kopo dakika ya kumi na saba, na kabla sijaondoka yule binti wa fundo aligeuka akasema kwa adabu zote, "Samahani mama, ukituangalia hivyo tunasahau tulichokuwa tunafanya."

Nikaenda benchi. Tulikuwa tisa pale, wengi walimu.

Turubai lilianguka mara moja. Walicheka, wakalisimamisha tena, upande mmoja umeinama. Lile fundo lilikaa. Baadaye nikamuuliza amelitoa wapi; analo tangu mdogo, ndilo wanalofungia mbuzi kwao. Chai ilikuwa na moshi na sukari nyingi, ikaiva dakika ya thelathini na nane.

Walipoondoka, yule mama alifungua daftari. Kumbe alikuwa anaandika tuliyosema, neno kwa neno. Akanisomea yangu: "Huko ni nyuma. Hapana. Lete. Siyo hivyo. Subiri. Shika hapa. Vuta. Si nimesema uvute. Acha, acha. Lete mimi." Kisha akauliza, "Hapo ulikuwa unamsaidia nani?"

Nimefundisha ushonaji mabinti saba katika duka hili. Kila mmoja wao nimewahi kumpokonya kitambaa mkononi, na kila mmoja nimemwambia "lete mimi". Watano hawashoni leo. Sikusema hilo pale, lakini nalisema hapa.

Ijumaa ndipo ninapowashika koo.

Ulinzi wa mtoto uliwekwa Ijumaa saa nane mchana, dakika tisini, watu wameshafunga mabegi na wengine wanapigiana simu za tiketi. Somo hili lilipaswa kuwa la Jumatatu asubuhi kabla hata ya chai. Yaliyofundishwa yalikuwa sahihi kabisa: mtu mzima asikae faragha na mtoto mmoja, wawepo wakubwa wawili, usichati na mtoto kwa siri, picha kwa ruhusa yake na ya mzazi, mtoto akikueleza jambo zito, msikilize, usimhoji kama askari, andika maneno yake kama alivyoyasema, na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Kisha pa kupeleka: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, simu ya bure 116. Tukafanya igizo. Aliyecheza mtoto aliniambia, "Mama, naomba usimwambie mtu." Nikajibu papo hapo, "Simwambii, mwanangu." Mtu mzima mwenye akili timamu, nimetoka kuambiwa dakika tano nyuma. Ni igizo linalotaka kurudiwa mara kumi. Walifanya watu wanne, muda ukaisha.

Maswali nayo yalikatwa. Mtu aliuliza kama msichana aliyejifungua anaweza kurudi kikundini. Akajibiwa vizuri, kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni, sasa kikundi cha Jumamosi kimkatae kwa lipi. Lakini juu ya ndoa za mapema tulipata sentensi moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilivyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, kesi ya Rebeca Gyumi ya kuipinga ruhusa hiyo, Mahakama Kuu kukubaliana naye mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani kusimamia uamuzi huo mwaka 2019, vyote hivyo ilibidi nijisomee mwenyewe kwenye basi. Na ndilo swali nililokutana nalo kwa mzazi kabla sijamaliza wiki nyumbani.

Kubwa kuliko yote: hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilituma jina na pesa kwa simu, nikapokelewa. Nimeondoka na cheti kinachosema nimehitimu kulea wasichana. Benki, nilipofungua akaunti, waliniomba barua ya serikali ya mtaa kwa ajili ya elfu ishirini zangu mwenyewe. Hawa hawakuomba barua, hawakuomba mdhamini, hawakupiga simu hata kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa Kilosa ndiye aliyelisema kwa sauti, akiwa mwanamume na akijua anatazamwaje: "Mimi nilitaka mnichunguze. Nikichunguzwa na nyie, mzazi atakuwa na imani na mimi." Mratibu akasema wameipokea changamoto. Maneno hayo nayajua, hata mimi huwaambia wateja wanaodai nguo.

Na ufuatiliaji: tuliahidiwa kutembelewa baada ya miezi mitatu. Ni miezi sita. Kuna kundi la WhatsApp ambalo wiki mbili za kwanza lilikuwa na maana, sasa lina salamu za asubuhi zenye maua na michango ya harusi.

Nyota tatu na nusu. Ningetoa mbili, ila kuna habari ya makomeo.

Jumamosi ya kwanza niliporudi niliketi kwenye kigoda chini ya mwembe, nikawaambia wachague wenyewe cha kufanya muhula huu. Kimya. Kisha mmoja akauliza, "Mama, unataka tuchague nini?"

Ilichukua Jumamosi tatu. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha kushonea taulo za kike za kufua, kimekaa kwenye mfuko miguuni pangu, nasubiri wakitaje. Hawakukitaja. Walijigawa patroli tatu, baraza lao likakutana nyuma ya darasa, wakaja na jibu: milango ya vyoo. Upande wa wasichana kuna matundu manane, matano hayana komeo. Ndiyo maana huenda wawili wawili, mmoja anashikilia mlango. Miaka mitatu niko kwenye ile shule na sikuwahi kujua, kwa sababu mimi natumia choo cha walimu.

Waliandika barua kwa mwalimu mkuu wenyewe. Ilianza na "YAHUSU MLANGO" na ilikuwa na makosa saba, niliyahesabu, nimekalia mikono. Mwalimu mkuu aliisoma amesimama, akasaini. Komeo moja elfu tatu na misumari ya bisibisi mia tano, mara tano. Wakamenya machungwa, Muheza hatuyakosi, wakauza kwenye mechi ya shule na jirani, wakapata 21,400. Binti yule mrefu ndiye mtunza fedha. Alinidai risiti ya kamba niliyonunua mwaka jana.

Walifunga makomeo Jumamosi moja ya Septemba kwa bisibisi ya cherehani yangu. La nne walilifunga kwa nje ya mlango.

Niliona. Nilikuwa nimesimama hatua tano, na mfukoni nilikuwa na punje ya harage, moja, ambayo nilikuwa natembea nayo tangu Morogoro kama hirizi. Nikajiambia wataona wenyewe wakianza kutumia. Nikanyamaza, na nikajipongeza.

Jumanne mtoto wa darasa la tatu akafungiwa mle na wenzake. Dakika kumi, akilia, mpaka mpishi wa uji aliposikia. Hakudhurika. Mimi sikujua lolote. Jumatano jioni binti mrefu akaja dukani kuomba bisibisi, nikamuuliza ya nini. Akasema kuna mlango waliukosea, na akaeleza ya mtoto. Kisha akanitazama.

"Mama, wewe uliona?"

Nikasema niliona.

"Sasa mbona hukusema?"

Hilo halimo kwenye kurasa 64. Kuacha wakosee wamefundisha, kwa maharage na kopo. Wapi kosa linakwisha na hatari inaanza, hawakutufundisha. Nilimpigia yule mama wa raba nyeupe usiku uleule, nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nilikaribia kukata simu.

Kozi nyingine imetangazwa, itakuwa mwezi wa nne, palepale. Mwalimu mpya wa kike hapa shuleni anataka kwenda na nimemwambia aende. Abebe barua ya serikali ya mtaa hata kama hawaiulizi, awaombe somo la ulinzi walilete Jumatatu, na abebe blanketi.